Nyuki Wasiohama

Kwa miaka mitatu pale Mwakitolyo watu waliniita Mama Asali. Nina mwanangu, na kwa desturi ningeitwa kwa jina lake, lakini jina la asali lilishika zaidi na mimi nikaliacha lishike. Siku hizi nikilisikia sokoni, hata kama anaitwa mtu mwingine, nageuka haraka, kisha natazama chini.

Nilifika machimboni nikitokea Tinde baada ya ndoa yangu kuvunjika. Nilipanga kibanda cha mabati, nikaanza kuuza chai, uji na mihogo ya kuchemsha. Kibanda kilikuwa karibu na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kwa hiyo wateja wangu wengi walikuja weupe kuanzia nywele mpaka kope, kama watu waliotumbukia kwenye unga. Walikuwa wanakohoa. Kule kila mtu hukohoa, na mgeni akisikia hushtuka, lakini baada ya mwezi mmoja hasikii tena.

Asali ilianza kwa heri. Kulikuwa na muuzaji mmoja aliyekuja na baiskeli kutoka upande wa Runzewe, akibeba dumu la asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma. Si asali nzito ya kupaka kwenye mkate. Ni nyepesi, inamwagika kama maji, na ina ukali wa kuchachuka unaokaa nyuma ya ulimi. Watu wa huku wanaithamini kama dawa ya kifua. Nikawa naichanganya na maji ya moto kwenye kikombe, namkabidhi mtu wa karasha, naye anakunywa polepole na kusema koo limefunguka. Habari zikaenea hadi kwenye maduara ya mbali, yale mashimo ya dhahabu wanakoshuka chini kwa kamba. Watu wakawa wanapita vibanda vinne vya chai kuja kwangu.

Kisha yule wa baiskeli akaacha kuja. Sikujua kama aliugua au alipata soko jingine. Nikasema asali imekwisha, wiki ikapita, ya pili ikapita, na vile vibanda vinne vya jirani vikaanza kujaa. Asubuhi moja nikachukua sukari nikaiunguza kwenye sufuria mpaka ikawa ya kahawia. Nikaongeza maji, nikakamua ukwaju ndani yake ili iwe na ukali, nikatia vijiko viwili vya asali ya kawaida ili inukie. Nikaonja. Haikuwa yenyewe, lakini ilifanana kwa mtu aliyechoka.

Siku ya kwanza nilimimina bila kumtazama mteja. Siku ya nne nilimtazama.

Katika wateja wangu alikuwapo mzee mmoja wa Kisumbwa, mtu wa kwao Runzewe hukohuko, mwenye umri wa kama baba yangu mdogo. Kazi yake ilikuwa kulisha mawe kwenye karasha. Alijifunga kitambaa puani, lakini kitambaa kile kilikuwa na vumbi kuliko hewa yenyewe. Alikuwa mpole. Mimi nikimwamkia, "Shikamoo baba," yeye huitika, "Marahaba, mwanangu, umeamkaje?" na husubiri kweli nimjibu nimeamkaje. Akimaliza kunywa, husuuza kikombe chake mwenyewe.

Siku aliyokunywa asali yangu ya sufuria kwa mara ya kwanza, alichukua funda moja, akasita. Akakitazama kikombe. Akanitazama mimi. Kisha akaendelea kunywa mpaka akamaliza, akasuuza, akaondoka. Nilikiona kile kituo kifupi. Lakini kesho yake alirudi, akaagiza ileile, nikajiambia hakugundua kitu. Aliendelea hivyo kwa miezi.

Jumapili moja alikuja akiwa amevaa shati safi. Karasha lao lilikuwa limekatika mkanda, hapakuwa na kazi.

"Mama Asali," aliniambia, "una muda? Nataka nikuoneshe kitu. Si mbali."

Lazima niseme nilichofikiri, maana nacho kinanitia haya. Nilifikiri ni mwanamume kama wanaume wengine wa machimboni, kwamba upole wote ule ulikuwa njia ndefu ya kufika hapo. Nilimwomba jirani aniangalizie banda, nikamfuata nikiwa nimenuna, huku nikiacha hatua kumi kati yetu. Hakugeuka kuniuliza mbona niko nyuma. Alitembea taratibu, akisimama kila mara kukohoa na kushika goti.

Tulipita marundo ya mawe na mashimo yaliyoachwa wazi, tukapita mashamba ya dengu, tukaingia kwenye kilima upande wa kuelekea Nyang'hwale. Zamani kilikuwa msitu. Sasa ni visiki, maana miti yote iliyonyooka imekatwa kuwa matimba, magogo ya kuzuia kuta za maduara zisianguke. Katikati ya visiki ulibaki mti mmoja mkubwa wa mtundu, uliopinda.

"Huu umepona kwa sababu ni mbovu," alisema. "Ndani ni mtupu. Hautoi timba wala ubao. Sogea, lakini usipumulie pale."

Alinionesha kwa kidole. Kwenye shina, usawa wa kifua changu, kulikuwa na kimrija kifupi cha nta, laini, chembamba kama bua la ulezi. Mdomoni mwake walisimama nyuki wadogo weusi, wamepangana duara, wanatazama nje. Wengine walikuwa wanaingia na kutoka, na baadhi walibeba chavua ya manjano miguuni. Niliwajua. Nikiwa msichana shambani kwetu Tinde waliniingia machoni na masikioni wakati wa jua kali, wakifuata jasho, nikawa nawaua kwa viganja nikidhani ni visubi. Sikuwahi kujua kwamba hao ndio wenye asali ile.

Nilimuuliza kama hukaa mitini tu.

"Wanakaa popote penye uwazi," alisema. "Kuna aina wanaokaa kwenye kichuguu kilichohamwa na mchwa. Kuna wanaokaa ardhini kabisa, unaona kimrija tu kimetokeza kwenye udongo. Kwetu kulikuwa na kundi ndani ya ukuta wa nyumba ya bibi, ukuta wa tope, tukalala nalo miaka. Lakini hawachimbi wenyewe. Wanapokea nafasi iliyoachwa."

"Kuchimba ni kazi yetu sisi," nilisema.

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikasimama kumsubiri. Hapo mnuno wangu ulikuwa umekwisha, na nikaanza kuona haya kwa zile hatua kumi.

Upande wa nyuma wa shina kulikuwa na kipande cha ubao kilichokazwa kwenye tundu na kuzibwa kwa udongo. Alinieleza kwamba tundu hilo alilikuta tayari, kazi ya mtu fulani wa zamani mwenye adabu. Yeye alilifungua mara moja kwa mwaka baada ya maua kuisha. Aliubandua ule udongo kwa kisu, akauvuta ubao taratibu. Ndani hamkuwa na masega kama ya nyuki wakubwa. Kulikuwa na vijungu vidogo vya nta, vya mviringo, vimerundikana kama zabibu, na chini zaidi kitu kama ngazi ya mzunguko.

"Hapo ndipo watoto," alisema. "Hapo haparuhusiwi."

Alitoa kijiko kwenye mfuko wa shati, akapasua vijungu vichache vya juu, akakusanya asali kwenye kikombe cha bati. Kikombe hakikujaa hata nusu. Akarudisha ubao, akakanda udongo kwa maji ya chupa, akaziba kila ufa kwa kidole gumba. Ndipo akanipa kikombe.

Nilionja. Ule ukali wa nyuma ya ulimi ulikuja wenyewe, na nyuma yake harufu ya mti. Nilikuwa nimeusahau kabisa.

"Unaonaje?"

"Nzuri, baba."

"Ndiyo hiyo," alisema kwa sauti ileile ya kuulizia hali. "Ile ya kwako ni sukari na ukwaju."

Masikio yalinichoma. Nilitafuta mahali pa kutazama, nikaona visiki tu.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ya kwanza."

"Mbona uliendelea kunywa?"

"Maji ya moto yananisaidia. Na nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Nikaona nitazeeka nikingoja." Alikaa juu ya kisiki. "Mimi kifua changu nakijua, mwanangu. Sidanganyiki nacho. Lakini wale vijana wanakunywa kwako wakiamini wanatibiwa, wanapitisha mwaka bila kwenda kupimwa. Waambie."

Nikamwambia nitawaambia. Nilimaanisha. Wakati wa kurudi aliniambia jambo jingine, na maneno yale nayakumbuka kama yalivyo.

"Nyuki wakubwa ukiwaudhi wanahama, wanakwenda na malkia wao. Hawa hawahami. Mama yao akishaanza kutaga anakuwa mzito, hawezi kuruka tena mpaka kufa. Nyumba yao ikivunjwa wamekwisha. Kwa hiyo usimwoneshe mtu."

Sikumwonesha mtu. Nilikwenda mwenyewe.

Kwa wiki kama mbili nilijitahidi. Niliwaambia wateja asali hakuna. Vijana wawili waliokuwa wakikohoa vibaya niliwaambia waende kituo cha afya wakapimwe, lakini sikuwaambia kwamba nilichowauzia miezi yote ile kilikuwa sukari. Nusu ya ahadi niliitimiza, na ile nusu ngumu nikaiweka kiporo.

Ndipo akaja mke wa mwenye duara moja kubwa, mama wa heshima zake, mtu ambaye akipita hata wanaocheza bao hunyanyua vichwa. Mwanawe alikuwa na kifua.

"Mama Asali, nimehangaika kote," alisema. "Ni kwako tu ninakoamini."

Hapo ningeweza kumwambia. Kibanda kilikuwa kitupu, tulikuwa wawili. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema, "Njoo Ijumaa, mama. Nitakupatia halisi." Na nilijisikia mwema kusema hivyo. Nilijiona ninasahihisha makosa yangu: nilitoa ya uongo, sasa natoa ya kweli. Nitachukua kidogo tu, kikombe nusu, kama alivyofanya mzee.

Nilibeba kisu, ndoo ndogo, na shoka nililoazima kwa jirani ili watu wadhani nakwenda kuni. Ilikuwa mchana wa jua kali. Nilibandua udongo vizuri, lakini ubao ukagoma. Yeye aliuvuta kwa vidole viwili, mimi niliuvuta kwa mikono yote. Nyuki wakatoka. Hawaumi kweli, lakini wananata. Waliniingia kwenye nywele, puani, kwenye kona za macho, wakawa wanang'ata kope na kuvuta nywele mojamoja. Nilishikwa na kichaa. Nikafunga macho, nikachukua shoka nikaupiga ule ubao.

Shina lilikuwa ganda tu. Pigo la pili lilipasua upande mzima, na vitu vyote vikamwagika miguuni mwangu: vijungu, nta nyeusi, ile ngazi ya watoto imekatika vipande, weupe wake unaonekana. Katikati ya takataka zile niliona nyuki mmoja mrefu kuliko wengine, tumbo limejaa, anajikokota kwenye gome. Nilimjua bila kuambiwa.

Ningeweza kusema niliinua kile kipande cha shina nikajaribu kufunika. Sikufanya hivyo. Nilipiga magoti, nikaweka ndoo yangu chini, nikakusanya vijungu kwa viganja, pamoja na uchafu, pamoja na watoto waliosagika, mpaka ndoo ikajaa. Kisha nikakaa kando kujifuta macho. Wale waliokuwa mbali wakitafuta maua walianza kurudi. Walifika mpaka usawa ule wa kifua, mahali kilipokuwa kile kimrija, wakasimama hewani. Hapakuwa na mlango. Wakawa wanaongezeka na kusimama pale, wamebeba chavua zao. Niliondoka nikiwaacha hivyo.

Nilichuja asali kwa kitambaa, nikaijaza chupani, nikauza. Na hapa ndipo watu hucheka ninapowasimulia, na wana haki. Wateja hawakuipenda. Walikuwa wamezoea sukari yangu. "Mama Asali, hii umechakachua," kijana mmoja aliniambia, "imekuwa maji." Mke wa mwenye duara alinirudishia chupa ikiwa nusu, akasema kwa upole wa kuumiza kwamba mwanawe ameikataa, labda mzigo huu haukuwa mzuri. Nilikasirika. Mimi, niliyewapa uongo miezi yote, nilikasirika kwamba hawautambui ukweli.

Jumapili ya tatu baada ya hapo, yule mzee wa karasha alikwenda kuutazama mti wake. Jumatatu alikuja kibandani. Hakuagiza kitu. Alikaa, akatazama mikono yake.

"Wameuvunja," alisema.

"Nini, baba?"

"Mti. Wameupasua kwa shoka. Wamekufa wote."

Nilikuwa nimeshika birika. Nililiweka chini. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefiwa, na nilijua kwamba nikikaa kimya dakika moja zaidi ataniuliza, na akiniuliza sitaweza. Basi nikawahi.

"Nimesikia yule mama wa mkaa anakata kule siku hizi," nilisema.

Kulikuwa kweli na mama aliyechoma mkaa chini ya kile kilima. Nilimfahamu vizuri. Mkaa uliokuwa ukiwaka pale mbele yetu, chini ya birika, niliununua kwake. Alikuwa mjane, mkimya, analeta gunia kwa kichwa na kulipanga mwenyewe nyuma ya banda.

Mzee alinyanyuka. Nilidhani anakwenda kazini.

Baada ya siku ile yule mama hakuniletea mkaa tena. Jirani aliniambia amehama, yuko Kharumwa. Sikuuliza kwa nini. Nilianza kununua kwa mtu mwingine. Mzee naye alikuja mara chache, akakonda, mwishowe akaacha kazi na kurudi kwao. Nilimsindikiza mpaka kwenye magari. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Asante kwa maji ya moto, mwanangu." Nilirudi kibandani nikaketi na aproni usoni, na waliokuja kutaka uji waliondoka.

Ilipita karibu nusu mwaka. Wenzake wa karasha walipata habari kwamba anaumwa sana, wakachanga, wakatafuta mtu wa kupeleka. Nikajitolea. Watu walisema nina roho nzuri.

Huko Runzewe mkewe alinipokea kwa ugali na kisamvu, akanipa maji ya kunawa akiwa amepiga magoti, jambo lililozidi kunitesa. Mzee alikuwa amelala kwenye mkeka uani. Alikuwa anatumia dawa za kifua kikuu, na daktari alikuwa amemwambia kwamba hata hicho kikipona, vumbi la mawe lililomo ndani halitoki. Alifurahi kuniona. Aliuliza habari za kila mtu. Nilijibu mpaka majibu yakaisha.

"Baba," nilisema, "ule mti niliuvunja mimi."

Mkewe alikuwa anaondoa bakuli. Alisimama.

Nilisimulia yote, kuanzia ubao uliogoma hadi ndoo. Njia nzima ndani ya basi nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba alijua, kama alivyojua ile ya sukari. Nilikuwa nimeutegemea msamaha wa aina hiyo, wa mtu anayejua na kungoja. Lakini nilipoinua macho niliona kwamba hakuwa amejua. Alikuwa ameniamini. Alijikongoja akaketi, mkono ukitafuta ukuta.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi nilimtukana mama wa watu bure."

Akaeleza, kwa vipande, kikohozi kikimkata. Siku ile aliponyanyuka kibandani kwangu alikwenda moja kwa moja kwenye tanuri la mkaa. Alimkuta yule mama na mkwewe, mume wa binti yake, aliyekuwa amekuja kusaidia kupakia magunia. Hakuuliza. Alimwita mwizi, akamwita mwuaji wa visivyo vyake, mbele ya mkwe.

Kwa mtu asiye wa huku labda hilo ni neno tu. Kwetu mama na mkwewe wa kiume hawaketi pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja hupisha. Heshima yote ya mama kwa mume wa bintiye imejengwa katika kutoonana aibu. Kumvua nguo mama wa mtu mbele ya mkwewe ni jambo ambalo watu hulikumbuka mpaka kwenye msiba.

"Miaka yangu yote sijamtukana mwanamke," mzee alisema. "Nimekuja kumtukana kwa neno lako." Alikuwa analia bila sauti. Nilikuwa nimekwenda kutua mzigo, na nilichofanya ni kumtwika na yeye. Mkewe alichukua lile bakuli akaingia ndani, na hakutoka tena mpaka nilipoondoka.

"Mimi siwezi kusafiri," alisema mwishowe. "Utakwenda wewe. Utamtafuta." Hakusema amenisamehe, wala sikuuliza.

Yule mama wa mkaa nilimpata Kharumwa sokoni, akipima mkaa kwa makopo. Alinitambua, akaniitikia salamu. Nilimwomba tusogee kando, akasema hapana, sema hapahapa. Nikasema hapohapo, wauza nyanya wakisikia.

Alinisikiliza huku akipanga mkaa kwenye kopo, vipande vikubwa juu.

"Kuitwa mwizi si kitu," alisema. "Nimeitwa mengi tangu mume wangu afe. Lakini mkwe wangu alitua gunia, akaondoka. Hajakanyaga kwangu tangu siku hiyo. Binti yangu anakuja kwa kuibia. Sasa wewe umekuja kuniambia mimi nisiyekuwa na kosa kwamba sina kosa. Nilikuwa najua."

"Nifanye nini, mama?"

"Ukamwambie yeye."

Alikabidhi makopo yake kwa muuza nyanya, akajitanda kanga, tukaenda. Kijiji cha mkwewe kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu. Njia nzima alitangulia, na safari hii kuachwa nyuma ilikuwa zamu yangu. Tulipofika aliingia jikoni kwa binti yake akakaa nyuma ya ukuta, asipoonekana. Mimi nilibaki uani na yule mwanamume, mkulima wa makamo aliyekuwa akitengeneza mpini wa jembe. Nilisimama mbele yake nikasema tena: sukari, ahadi, shoka, ndoo, na jina la mtu nililolitupa ili mimi nisiulizwe. Nilisema kwa sauti ya kufika jikoni. Ilikuwa mara ya tatu kusema, na haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Aliniacha nimalize. Hakunitazama.

"Nimesikia," alisema.

Akaendelea kuchonga mpini. Nilidhani imekwisha hapo. Kisha akainua sauti kidogo, akimwambia mkewe aliyekuwa jikoni, huku macho yakiwa bado kwenye jembe:

"Mama amekula?"

 Kutoka jikoni nikasikia yule mama wa mkaa akipenga kamasi, na binti yake akisema, "Bado." Mwanamume akaweka jembe chini, akaenda kukamata kuku.

Nami nililetewa chakula, peke yangu, chini ya paa la nyasi. Kilikuwa kizuri na sikuweza kukimeza.

Nilirudi Mwakitolyo nikawaambia wateja wangu. Sikuwaambia kwa ushujaa. Niliwaambia mmoja mmoja, kila aliyeulizia asali. Wengine walikasirika wakahama banda. Mmoja wa wale vijana wawili alikuwa kweli ameanza dawa, mwingine alikuwa ameshaondoka pale na sijui alikokwenda, na huyo ndiye ninayemfikiria zaidi. Wengi walicheka wakasema hata hivyo ilikuwa tamu, itengeneze hata sasa. Sikuitengeneza. Baadaye nikafunga, nikahamia Kharumwa, ninauza chai tupu.

Mkaa nanunua kwake. Tunasalimiana, ananipimia, basi. Juzi mzee alinipigia simu. Sauti yake imekuwa nyembamba, lakini anatembea mpaka barabarani sasa. Nilimwambia kwamba yule mama wa mkaa yuko hatua chache kutoka niliposimama. Akaomba azungumze naye, amwombe radhi kwa mdomo wake. Nilivuka nikamnyooshea yule mama simu, nikamwambia ni nani.

Aliitazama bila kuipokea.

"Matusi hakuyaleta kwa simu," alisema. "Mwambie akipona aje. Nipo."

Nikamwambia mzee hivyo. Nikasikia kuku wa kwao wakilia uani. "Ana haki," alisema. "Mwambie nitakuja." Nikageuka kumpa jibu, nikamkuta ameshainamia kopo, anampimia mteja.